SOMO LA AFYA: SARATANI YA MAPAFU YAFAA IJULIKANE MAPEMA



Ukurasa huu wa somo tumeuzoea kwa habari za miche, kupalilia, kuanika na daraja za karafuu. Mara hii twaomba mturuhusu tuzungumze habari ya kifua cha mkulima mwenyewe, maana shamba lisilo na mwenyewe ni pori. Makatibu wa matawi wanaombwa walisome somo hili kwa sauti katika mkutano, ili na wale wasiojua kusoma wapate faida yake, kisha wanachama wayajadili maswali yaliyo mwishoni.

Kila mkulima wa karafuu ajua kwamba kazi yetu yote ni kazi ya kuwahi. Karafuu yataka ichumwe tumba zikiwa zimejaa na kuanza kugeuka rangi, lakini hazijafumbuka. Ukichelewa siku chache, tumba hufumbuka na ua hutoka, na mwisho wake ni mpeta usio na bei. Mti ni ule ule na mchumaji ni yule yule. Kilichopotea ni wakati tu. Saratani ya mapafu, ambayo wengine huiita kansa ya mapafu, ina tabia kama hiyo. Ikipatikana ingali ndogo, daktari aweza kuikata na mtu akaishi miaka mingi. Ikipatikana imekwisha kutapakaa, dawa husaidia kuirefusha siku na kupunguza maumivu, lakini mara chache huiondoa.

1. Habari ya ami yangu wa Arusha

Nataka nianze na habari ya nyumbani kwetu. Ami yangu aliondoka Wete akiwa kijana akaenda Bara kutafuta kazi. Akafika Arusha, akawa utingo, kisha dereva wa malori ya kahawa na mahindi, akaoa na kujenga katika mtaa wa Ngarenaro. Alianza kuvuta sigara tangu utingo, na hakuacha. Kila msimu wa karafuu alitupigia simu kutaka habari za shamba la babu.

Mwaka 2018, mwezi wa Juni, alianza kukohoa. Nanyi mliokwenda Arusha mwaijua baridi ya Juni na Julai. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, umesimama nyuma yake, na asubuhi ukungu hushuka hata mitaani. Baridi ikipita huja vumbi la kiangazi. Kwa hiyo mtu akikohoa huko, jibu liko tayari: ni baridi ya Meru; na akikohoa Septemba, ni vumbi. Ami naye aliambiwa hivyo. Akanunua dawa ya kikohozi dukani, mara mbili, mara tatu. Kisha akaenda zahanati moja akapewa vidonge vya kuua vijidudu, akapata nafuu wiki moja, kikohozi kikarudi. Mwezi wa Oktoba alianzishwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake yalipopimwa hayakuonyesha mdudu. Akazimeza miezi sita yote bila ya kukosa siku moja, maana alikuwa mtu wa kushika amri.

Katika mwezi wa Januari 2019 alinipigia simu kuuliza bei ya karafuu. Nikaisikia sauti yake imekauka. Nikamwambia kwa mzaha, "Shikamoo ami, mbona sauti imekuwa kama ya jogoo mwenye mafua?" Akacheka, akasema, "Marahaba mwanangu, ni dawa hizi." Tukaendelea na habari za bei. Leo najua kwamba sauti ile ilikuwa dalili, nami niliifanyia mzaha.

Aprili alipelekwa hospitali kubwa akapigwa picha ya siti skani. Uvimbe ulikuwa katika pafu la kushoto, na mbegu zake zimekwisha kufika katika ini na mifupa ya mgongo. Daktari alimwambia kwa upole, "Mzee wangu, tungekutana mwaka jana kikohozi kilipobadilika, mazungumzo yetu yangekuwa mengine." Ami alifariki mwezi wa Agosti 2019. Toka kikohozi cha kwanza hata picha ile ni miezi kumi. Siandiki haya kumlaumu mtu. Nayaandika kwa sababu katika miezi kumi ile walikuwako watu wengi waliomwona na kumsikia, pamoja na mimi, na hapana hata mmoja aliyeuliza swali lililofaa kuulizwa.

2. Kwa nini saratani hii hunyamaza

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa seli. Kila seli ina kazi yake na siku zake. Ikichakaa hufa na nyingine hushika mahali pake. Saratani ni seli zilizoasi. Hazifi kwa zamu yake, nazo hujiongeza bila ya kipimo mpaka zikawa uvimbe. Baadhi yake hukatika zikachukuliwa na damu au na maji ya tezi hata mahali pengine, kama vile ini, mifupa, ubongo au pafu la pili, zikaota huko.

Sasa mtu atauliza: uvimbe wote huo ndani ya kifua, mwenyewe haoni? Mara nyingi haoni. Nyama ya pafu yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu; maumivu huanza pale uvimbe unapoifikia ngozi nyembamba inayolizunguka pafu, au mbavu. Tena mapafu ni makubwa, na mtu asiyefanya kazi ya kuhemesha aweza kupoteza sehemu yake bila ya kutambua. Uvimbe wa sentimita moja tu, kiasi cha punje ya mbaazi, una seli zipatazo milioni elfu moja, nao umekwisha kuishi muda mrefu kabla ya kufikia ukubwa huo.

Wazee wetu waliyaona maradhi ya mikarafuu ambayo Waingereza waliyaita kifo cha ghafla. Mkarafuu mzima, wenye majani, hugeuka rangi na kupukutisha majani yake yote kwa muda mfupi, ukakauka umesimama. Mwenye shamba husema umekufa ghafla. Lakini wataalamu waliofukua chini waliona kwamba vijizizi vyembamba vinavyonyonya maji vilikuwa vimekwisha kufa kabla majani hayajaonyesha kitu. Hapakuwa na ghafla yo yote. Ila sisi tulikuwa tukitazama juu. Na mtu mwenye saratani ya mapafu huambiwa vivyo hivyo, "Ameumwa ghafla," kumbe maradhi yalikuwa mezani pamoja naye miaka.

3. Kwa nini huchanganywa na kifua kikuu

Katika nchi zetu kifua kikuu ni kingi, na ni haki daktari akifikirie kwanza. Arusha na Kilimanjaro wana historia ndefu ya kupigana nacho: hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo ni hospitali kuu ya maradhi hayo katika Tanzania. Watu wengi mno wamepona kwa dawa zake, na matibabu ya kifua kikuu ni bure. Mtu ye yote aliyekohoa wiki mbili au zaidi yampasa apime makohozi. Hilo lisibadilike.

Shida ni kwamba dalili za maradhi haya mawili ni ndugu. Yote mawili huleta kikohozi kisichokwisha, damu katika makohozi, kukonda, kuchoka na maumivu ya kifua. Hata picha ya eksirei yaweza kuonyesha kivuli kinachofanana. Kwa hiyo tushike kanuni tatu.

Kwanza, makohozi yapimwe kwa mashine, wala mtu asikisiwe tu. Siku hizi ziko mashine za GeneXpert ambazo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na hospitali nyingi za mikoa zinazo.

Pili, makohozi yasipoonyesha mdudu, mgonjwa aulize kwa adabu: "Daktari, kama si mdudu, kivuli hiki chaweza kuwa nini kingine?" Swali hili si utovu wa heshima. Daktari mwema hulipenda.

Tatu, mtu aliyeanza dawa za kifua kikuu akazimeza sawasawa, na baada ya miezi miwili hana nafuu, bado akonda, bado akohoa, asingoje miezi sita iishe. Arudi aangaliwe upya. Lakini asiziache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana kuziacha njiani huzaa kifua kikuu sugu ambacho ni kibaya zaidi. Tena ajue kwamba mtu aweza kuwa na maradhi yote mawili kwa wakati mmoja.

4. Dalili za kukumbuka

Hizi ndizo dalili ambazo kila mwanachama azijue kama ajuavyo dalili za mti mgonjwa:

(a) Kikohozi kilichozidi wiki mbili au tatu. Kwa mvutaji wa zamani, ambaye hukohoa kila asubuhi, dalili ni kikohozi kubadilika: kimezidi, kimekuwa kikavu, au chamwamsha usiku.
(b) Damu katika makohozi, hata ikiwa uzi mmoja tu.
(c) Pumzi kukatika kwa kazi ambayo zamani haikumhemesha.
(d) Maumivu ya kifua, bega au mgongo yasiyokwisha.
(e) Sauti kukauka kwa zaidi ya wiki tatu. Mshipa unaoiendesha sauti, upande wa kushoto, hupita ndani ya kifua, na uvimbe ukiugusa sauti hubadilika. Hii ndiyo iliyompata ami yangu.
(f) Nimonia inayorudi mara kwa mara mahali pale pale.
(g) Kukonda na kukosa hamu ya chakula bila ya sababu.
(h) Ncha za vidole kuvimba na kucha kuinama kama mgongo wa kijiko, au uso na shingo kuvimba.

Mtu mwenye dalili moja katika hizi si lazima awe na saratani, wengi hawanayo. Lakini ni lazima aende akaangaliwe.

5. Ni nani aliye katika hatari

Sigara ndiyo ya kwanza, na ziko mbali sana zile zinazoifuata. Katika Ulaya na Marekani, kati ya kila wagonjwa 10 wa saratani ya mapafu, 8 au 9 waliipata kwa sababu ya tumbaku. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapa uchunguzi wao wa wagonjwa katika hospitali za London; na mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani akalitangaza kwa taifa lake. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikauridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani. Mwenye kuvuta ajue pia kwamba kuacha kuna faida kwa umri wo wote: aliyeacha miaka kumi hatari yake hupungua kiasi cha nusu kuliko aliyeendelea.

Hapa sisi wakulima wa karafuu tuna neno la kusema kwa uaminifu. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, nao hawakuzitaka karafuu kwa pilau. Walizitia katika sigara ziitwazo kretek, ambazo kiasi cha theluthi moja yake ni karafuu iliyosagwa na iliyobaki ni tumbaku. Husimuliwa kwamba aliyezibuni ni Haji Jamhari wa mji wa Kudus, mwishoni mwa karne ya 19, akitafuta dawa ya maumivu ya kifua chake. Kwa sababu hiyo wako watu, hata visiwani kwetu, wanaodhani kwamba sigara yenye karafuu ni dawa. Si dawa. Mafuta ya karafuu hutia ganzi, kama ajuavyo kila aliyeyatia katika jino bovu. Basi moshi hupita kooni bila ya kuwasha na mvutaji huuvuta ndani zaidi. Ganzi haikuondoa lami wala sumu ya tumbaku. Mwaka 2009 Marekani ilizipiga marufuku sigara za karafuu pamoja na zenye ladha nyingine. Karafuu yetu ni njema katika chungu, katika chai na katika dawa ya meno. Katika sigara ni pambo juu ya sumu, na haifai tuwafiche watoto wetu jambo hilo kwa kuwa tu limetupatia fedha.

Lakini hatari si sigara pekee, na hapa Arusha yatufundisha mengi. Katika miteremko ya Meru, kwa Wameru na Waarusha, na katika maboma ya Wamasai chini yake, usiku ni baridi, na moto wa kuni huwashwa ndani ya nyumba kwa kupikia na kuota. Madirisha huwa madogo, moshi hubaki ndani, na anayeuvuta zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, limeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba katika vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mwanamke asiyepata kuigusa sigara akikohoa, asiambiwe, "Wewe huvuti, huwezi kupata." Jiko lenye bomba la kutolea moshi, au jiko la gesi, au hata kupika nje chini ya banda, ni kinga.

Kusini-mashariki ya mji wa Arusha kuna machimbo ya Mererani, ambako tanzanaiti ilipatikana mwaka 1967, na vijana wengi wa Arusha huenda huko kuwa wanaapolo. Mwamba ukitobolewa bila ya maji hutoa vumbi laini la mawe lililo na silika. Vumbi hilo huyakaza mapafu, huyafungulia mlango kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 limeandikwa na shirika lile kuwa ni kitu kinacholeta saratani. Moshi wa injini za dizeli nao uliandikwa hivyo mwaka 2012. Ami yangu, dereva na mvutaji, alikuwa na mawili kwa pamoja.

6. Faida ya kuwahi

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi kuliko saratani zote duniani. Katika mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa watu wapya wapatao milioni 2.5 waliipata, na kiasi cha milioni 1.8 walikufa kwayo. Sababu kubwa ya vifo hivyo ni kuchelewa. Katika hesabu za Marekani, wale wanaogunduliwa maradhi yangali ndani ya pafu tu, zaidi ya nusu yao huwa hai baada ya miaka mitano. Wale wanaogunduliwa maradhi yamekwisha kutapakaa, hawafiki mmoja katika kila kumi.

Kuna kisa kimoja ambacho madaktari hufundishwa. Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, daktari mpasuaji aitwaye Evarts Graham alilitoa pafu zima la mgonjwa wa saratani kwa mara moja, na mgonjwa akapona. Mgonjwa huyo naye alikuwa daktari, jina lake James Gilmore. Aliishi na pafu moja miaka 30, akafariki mwaka 1963. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Mwaka 1950 alishiriki katika uchunguzi ulioonyesha ubaya wa sigara, akaziacha, lakini alikuwa amechelewa. Alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957, iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Hivyo mgonjwa alimzika tabibu wake. Tofauti baina yao haikuwa elimu wala fedha, ila wakati.

Siku hizi, katika nchi zenye mashine nyingi, wavutaji wa muda mrefu huitwa wapigwe picha hata kabla hawajakohoa. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapwa mwaka 2011, wa watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kwamba siti skani ya mionzi midogo kila mwaka ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko eksirei. Eksirei ya kawaida haikuonekana kuokoa watu kwa njia hiyo, maana huukosa uvimbe ulio mdogo au uliojificha nyuma ya moyo na mbavu. Lakini picha hizo nazo zina lawama yake: katika uchunguzi ule, zaidi ya 9 katika kila alama 10 zilizotiliwa shaka hazikuwa saratani. Katika nchi zetu, ambamo wengi wana makovu ya kifua kikuu cha zamani, mashaka ya bure yangekuwa mengi zaidi. Kwa hiyo kwetu njia ya kwanza ya kuwahi ni mtu kuijua dalili na kuifuata mpaka mwisho wake.

7. Njia ya uchunguzi

Tuseme mwanachama, au ndugu yake aliyeko Arusha, ana dalili. Aende wapi?

Aanze na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apime makohozi. Kisha apate eksirei ya kifua. Katika mji wa Arusha iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na iko hospitali ya Kilutheri, Arusha Lutheran Medical Centre. Kikionekana kivuli kisichoeleweka, daktari huandika barua ya rufaa. Kwa watu wa kaskazini, hospitali kubwa ni KCMC ya Moshi, kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kitengo chake cha saratani kilianza mwaka 2016. Kwetu visiwani, mtu wa Pemba aweza kuanzia Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, na mtu wa Unguja katika Mnazi Mmoja. Katika Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani, na ambayo hutibu kwa mionzi.

Siti skani huonyesha uvimbe uko wapi na ukubwa wake. Lakini picha peke yake haisemi kwa yakini kuwa ni saratani. Lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama kikatazamwe katika hadubini. Hukatwa kwa sindano kupitia kifuani, au kwa mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa kooni. Wengi huogopa hapa, husema, "Ukiguswa na chuma, saratani hukasirika." Maneno haya yamewaua watu. Bila ya kipande kile daktari hajui ni saratani ya namna gani, na iko ya namna mbili kubwa: moja hukua polepole kidogo, nayo ndiyo nyingi, kiasi cha 85 katika 100, ya pili huenea upesi sana. Dawa zake si moja.

Na aliyechelewa naye asitupwe. Hospitali ya Selian ya Arusha imejulikana kwa kazi ya kuwafuata wagonjwa wasioweza kupona hata majumbani mwao, kuwapunguzia maumivu. Ami yangu alikunywa dawa ya maji ya mofini akalala usingizi, akazungumza na wanawe, akaaga kwa utulivu. Hiyo nayo ni tiba, na ni haki ya mgonjwa kuiomba.

8. Tusiifiche

Mwaka 1951 Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikatwa pafu la kushoto kwa sababu ya saratani. Alikuwa mvutaji. Katika matangazo neno saratani halikutamkwa. Watu waliambiwa kwamba pafu limebadilika umbo. Akafariki tarehe 6 Februari 1952, moyo ulipozibika, naye binti yake akapata habari akiwa safarini Kenya. Ikiwa katika jumba la mfalme neno lile liliogopwa, si ajabu likiogopwa Ngarenaro au Wete. Lakini wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa asiyeambiwa hawezi kuchagua. Na jirani asiyesikia habari hawezi kujitazama.

9. La kufanya

Twawaomba wanachama wafanye mambo manne. Mwenye kuvuta aache, na tawi limsaidie badala ya kumcheka. Mwenye jiko la moshi ndani alitengeneze kabla ya msimu ujao, akiiweka kando fedha kidogo ya karafuu kwa kazi hiyo. Aliyekohoa wiki mbili aende akapime, wala asingoje mavuno yaishe. Karafuu zina wachumaji wengine, yeye hana mapafu mengine. Na kila mwenye ndugu Bara amsikilize vizuri katika simu. Akisikia sauti imekauka, au pumzi yakatika katikati ya maneno, aache kwanza habari za bei na amwulize, "Tangu lini?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilipata nafasi ya kuuliza, na nikaipoteza. Nanyi mkiipata, msiipoteze.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini mtu aweza kuwa na uvimbe mkubwa katika pafu bila ya kusikia maumivu?
2. Taja dalili tano za saratani ya mapafu. Ni ipi uliyokuwa huijui?
3. Mgonjwa amemeza dawa za kifua kikuu miezi miwili, hana nafuu. Afanye nini, na asifanye nini?
4. Kwa nini si kweli kwamba sigara yenye karafuu ni dawa ya kifua?
5. Katika tawi lenu, ni nani aliyekohoa tangu mkutano uliopita, na ni nani atakayefuatana naye kwenda hospitali?